Jinsi ya kumjenga mhusika wa hadithi kwa kutumia kipimo cha haiba

Jumapili baada ya alasiri tunakutana watu saba au wanane chini ya mkungu, upande wa Raskazone hapa Tanga, kusomeana tulichoandika wiki nzima. Karibu kila mwezi anakuja mgeni na swali lile lile: "Nimeona mtandaoni kuna vipimo vya haiba, vile vya herufi nne. Nikimfanyia mhusika wangu, nitampata?" Wengine wanafika wameshafanya. Wanafungua daftari, mstari wa kwanza umeandikwa "Zuhura, miaka 24, INFP", na chini yake ukurasa ni mweupe.

Swali hili nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, tena kwa haraka, maana jua linazama na watu wana safari ya kurudi Makorora na Pongwe. Leo nalijibu kwa kituo.

Ndiyo, kipimo kinasaidia sana, ila faida yake iko kwenye maswali. Kinakuuliza mambo ya mhusika ambayo mwenyewe usingejiuliza. Sharti langu ni moja na mwongozo wote unalizunguka: kila jibu unalompa mhusika, ulilipie kwa tukio. Alifanya nini, wapi, mbele ya nani. Herufi zinazotoka mwishoni ni risiti. Mzigo wenyewe ni yale matukio uliyoyaandika njiani.

Machache ya kujua kuhusu vipimo

Kipimo cha herufi nne kilitengenezwa na Wamarekani wawili, mama na binti yake, Katharine Cook Briggs na Isabel Briggs Myers. Walijengea juu ya mawazo ya daktari wa Uswisi, Carl Jung, aliyechapisha kitabu chake kuhusu aina za watu mwaka 1921. Hawakuwa wanasaikolojia wa kusomea. Isabel alikuwa ameshaandika riwaya ya upelelezi kabla hajaanza kuyatunga maswali, na mimi hilo hulikumbuka kila ninapoyasoma, kwa sababu mtunzi wa hadithi za upelelezi anajua kuuliza kwa kuzunguka.

Jozi zenyewe ni nne. E na I: mtu nguvu anazipata akiwa na watu, au akiwa peke yake. S na N: anaamini anachokiona na kukishika, au anakimbilia maana iliyo nyuma yake. T na F: akiamua, anatanguliza hoja au anatanguliza watu. J na P: anataka jambo liishe na kufungwa, au anapenda kuacha mlango wazi. Ukizichanganya unapata aina 16.

Kuna pia kile cha Tano Kuu, ambacho watafiti wa saikolojia wanakiamini zaidi. Hiki hakimtii mtu kwenye sanduku, kinampa kiwango katika mambo matano: uwazi kwa mambo mapya, nidhamu ya kazi, uchangamfu, ukunjufu kwa watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kuna eneagramu yenye aina 9, inayotazama zaidi mtu anaogopa nini na anatamani nini. Na kuna zile tabia nne, sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki, zilizotokana na utabibu wa kale wa Kigiriki uliodhani tabia ya mtu inaletwa na majimaji manne ya mwilini.

Udhaifu wa kipimo cha herufi nne unajulikana: watu wengi wakikirudia baada ya wiki chache wanapata aina nyingine. Kwa anayetaka kuajiri au kuchagua mchumba, hilo ni tatizo kubwa. Kwa mwandishi lina matumizi, nitayaeleza kwenye hatua ya pili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja na kalamu za rangi mbili. Usifanye kwenye simu peke yake. Kwenye simu utabonyeza tu, hutaandika.
- Kipimo chenyewe. Vile rasmi vinalipiwa, lakini kwa mhusika wa kubuni vya bure vinatosha. Kiprinti kwenye duka la fotokopi ili usije ukaishiwa bando katikati.
- Mhusika ambaye tayari ana jina, umri, kazi na mtaa, na aya moja angalau inayomwonyesha akifanya kitu.
- Saa mbili bila kusumbuliwa. Mimi hufanya baada ya alfajiri.

Katika hatua zote nitamtumia mhusika mmoja wa kubuni, Bi Saumu. Ana miaka 52, ni mjane, anauza bajia za kunde kibarazani kwake, Ngamiani Barabara ya 8. Shemeji yake, Mzee Kombo, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, anataka kuiuza nyumba aliyoiacha marehemu.

Hatua

1. Andika unachokijua kabla hujagusa kipimo

Mambo saba, sentensi saba. Ya mwilini na mikononi kwanza, ya moyoni baadaye. Ya Bi Saumu: anaamka kabla ya adhana. Mkono wa kulia una kovu la mafuta. Hafungi redio. Kanga za marehemu mama yake hazivai, anazifukiza udi tu. Anakopesha lakini haandiki. Akicheka anafunika mdomo. Hajawahi kulala nje ya Tanga zaidi ya usiku mmoja, na ulikuwa Muheza.

Ukishindwa kufikisha saba, acha kipimo, rudi ukakae na mhusika wako siku mbili tatu. Nasema hivi kwa uchungu. Riwaya yangu ya kwanza niliianza kwa kuwapangia wahusika sita aina sita kabla sijaandika sentensi hata moja. Nikafika kurasa 40. Nikamsomea shangazi yangu sura mbili, akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu Hamza anakunywa chai na nini asubuhi?" Sikuwa na jibu. Nilijua Hamza ni mtu wa hoja na wa kupanga mambo mapema, lakini sikujua kama nyumbani kwao kuna sufuria. Kurasa zile 40 sikuzitumia tena.

2. Chagua kipimo kimoja, na uchague siku

Kipimo kimoja kwa mhusika mmoja. Ukimfanyia vinne utapata maelezo manne yanayogombana, na badala ya kuandika utakuwa mwamuzi. Ushauri wangu: anayeanza atumie herufi nne kwa sababu maswali yake ni mepesi kuyageuza. Aliyekwama kwenye woga na tamaa za mhusika ajaribu eneagramu.

Halafu siku. Binadamu hujibu tofauti akiwa na njaa, akiwa ametoka kuzika, akiwa amepata fedha. Ndiyo maana matokeo hubadilika. Kwa hiyo andika juu ya ukurasa: anajibu lini? Bi Saumu anajibu usiku wa siku ile shemeji alipomleta mgeni kutazama nyumba kwa mara ya kwanza. Ukiiacha siku wazi, utajikuta unamjibia mhusika wa jumla, asiye na saa wala mahali.

3. Yahamishe maswali yaje Tanga

Hapa ndipo waandishi wetu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maswali mengi yametungwa kwa watu wa Marekani. Yanauliza kama kwenye pati unazungumza na wengi au wachache, kama mwisho wa wiki unapenda kutoka au kubaki nyumbani. Ukimuuliza Bi Saumu hivyo hivyo, atajibu kwa adabu na hutajua lolote. Kwanza, shughuli za kwetu hazina hiari. Kwenye msiba wa jirani kila mtu anakwenda, mpole na mchangamfu. Kwenda hakukwambii kitu. Kinachokwambia ni mtu anakaa wapi akishafika.

Kwa hiyo swali la pati nililigeuza: msibani Bi Saumu anakaa wapi? Haketi mkekani na wenzake wanaopokea habari za nani kafika na nani bado. Anapitiliza uani, anaomba kisu, anavuta sinia la vitunguu. Mikono ikiwa na kazi, hakuna atakayemtaka maneno. Atabaki mpaka hitima, atakuwa wa mwisho kuondoka, na watu watasema Saumu ni mtu wa watu. Ukimjua, utaona siku zote tatu amezungumza na watu wawili.

Mengine niliyageuza hivi:

- "Unapenda ratiba?" Likawa: kunde analoweka saa ngapi, na siku asipouza anaziloweka pia?
- "Unaamua kwa kichwa au kwa moyo?" Likawa: mteja mwenye deni la mwezi mzima kaja tena na bakuli. Anamfanyaje?
- "Unavutiwa na mambo halisi au na mawazo?" Likawa: mtoto wa jirani hakurudi jana usiku. Anauliza alionekana wapi mara ya mwisho, au anakumbuka ndoto aliyoota juzi?
- "Unasema unachofikiri papo hapo?" Hili nililiacha, ila nikaongeza: mbele ya nani?

Lile la deni ni zuri kupita yote kwa sababu linagusa muhali. Mwenye kuona muhali hamdai ndugu wala jirani, hata akijua kwa hesabu kamili kwamba anaumia. Kipimo kitakwambia mtu huyu ni F, anatanguliza watu. Mimi nasema subiri. Anaweza kuwa mtu wa hoja kali kabisa, anayejua kila shilingi, ila muhali umemfunga mdomo. Hawa ni wahusika wawili tofauti. Mmoja hamdai kwa sababu anamhurumia, mwingine hamdai kwa sababu anaona haya, na kila usiku anazihesabu upya.

*Tahadhari:* heshima usiichukulie kuwa upole. Kijana anayeinamisha macho na kusema shikamoo kwa sauti ya chini mbele ya mjomba wake anaweza kuwa ndiye anayesikika kuliko wote asubuhi pale Deep Sea samaki wanapopigwa mnada. Kila swali linalohusu kusema, kunyamaza, kukubali na kukataa, lijibu mara mbili: akiwa mbele ya wakubwa, na akiwa na rika lake. Majibu yakifanana, umempata mtu wa nadra. Yakitofautiana, andika yote mawili.

4. Jibu kwa niaba yake, na ulipie kila jibu

Chukua kalamu ya kwanza. Usiweke alama ya ndiyo wala hapana kabla hujaandika tukio. Nionyeshe kwa swali moja la Bi Saumu: anasema anachofikiri papo hapo?

Jibu lisilolipiwa: "Hapana, ni msiri."

Jibu lililolipiwa: "Shemeji alipoingia na yule mgeni mwenye mkoba, mgeni akaanza kuupima ukumbi kwa macho, Saumu aliwakaribisha chai. Akaleta vikombe viwili, cha kwake hakuleta. Akaenda uani, akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi mpaka wageni wakaaga. Nazi mbili nzima. Siku hiyo hapiki chochote cha nazi."

Jibu la kwanza nilikuwa nalo tangu zamani na halikunisaidia. La pili sikuwa nalo kabla ya kuulizwa. Nilipokuwa naandika, mkono ulimpeleka uani wenyewe, kwa sababu tayari nilikuwa nimemwona msibani akikimbilia kisu na vitunguu. Kumbe huyu akibanwa anatafuta kazi ya mikono. Hilo hakuna kipimo kitakachokuandikia.

Kipimo cha maswali 60 hakitakuletea matukio 60 mazuri, usijilaumu. Ukipata kumi umevuna. Swali likikataa kabisa kuzaa tukio, weka alama ya kuuliza uendelee.

*Tahadhari:* usimjibie vile unavyotaka awe. Waandishi wanawapenda wahusika wao, na mhusika mkuu huishia kuwa mkweli, mwenye huruma, anayepanga mambo mapema na asiyemchukia mtu. Ukiona majibu matano mfululizo yanampendeza, simama. Muulize jirani yake, ndani ya hadithi hiyo hiyo, kama naye angejibu vile.

5. Soma matokeo kwa kalamu ya pili

Sasa jumlisha, upate aina. Bi Saumu alitoka ISFJ. Tafuta maelezo ya aina hiyo, yanakili daftarini, uyapitie sentensi kwa sentensi ukitia tiki palipo kweli na mkasi, yaani alama ya X, palipo uongo.

Kwake yeye: mwaminifu kwa watu wake, tiki. Anakumbuka mambo madogo ya wenzake, tiki, anajua nani hali pilipili. Anafanya kazi kimya bila kutaka sifa, tiki. Anaepuka ugomvi, mkasi.

Mkasi ule ulitoka wapi? Ulitoka kwenye tukio nililoandika nikijibu swali jingine kabisa. Miaka sita nyuma jirani mpangaji aliyaelekeza maji ya bafuni yapite mlangoni kwa Bi Saumu. Alimwambia mara moja. Mara ya pili akampeleka baraza la kata. Alikwenda vikao vinne, siku hizo hakuuza bajia, na mtaro ukahamishwa.

6. Kaa na mkasi

Hatua hii ndiyo niliyoandikia mwongozo mzima. Penye tiki, kipimo kimekurudishia ulichokipeleka. Penye mkasi, pana mtu.

Uliza: kwa nini hapa anaivunja aina yake? Usitafute jibu la haraka. Nilikaa na mkasi wa Bi Saumu karibu wiki. Mtu anayekuna nazi mbili ili asimjibu shemeji yake, aliwezaje kusimama mbele ya baraza mara nne? Jibu lilipokuja lilikuwa dogo: yule jirani alikuwa mtu baki. Kombo ni ndugu wa marehemu. Kwa mtu baki Saumu ana ulimi. Kwa ndugu ana muhali.

Hapo hadithi ilijipanga yenyewe. Ili Bi Saumu aipiganie nyumba, Kombo lazima atoke kwenye undugu machoni pake. Nikajua sura ya mwisho itakuwa nini: asubuhi moja Kombo anaingia, na Saumu, ambaye kwa miaka thelathini amemwita shemeji, anasema, "Karibu, Bwana Kombo." Hafoki, halii. Kombo anasimama pale pale ukumbini akiwa bado ameshika kofia.

Usipopata mkasi hata mmoja, hilo nalo ni taarifa, na linatibika. Tazama sehemu ya matatizo hapo chini.

7. Mkutanishe na mwenzake kwenye tukio moja

Fanya hatua 1 hadi 6 kwa mhusika wa pili, kwa ufupi zaidi, kisha wape wote wawili jambo moja. Jambo liwe dogo na la nyumbani. Mimi napenda fedha za kikoba: kisanduku kimefunguliwa, kufuli zote tatu zilikuwa salama, na zimepungua elfu sitini. Wamo Bi Saumu na mkaza mwanawe, Rehema, aliyetoka E na P.

Rehema anacheka kwanza, halafu anasema kwa sauti, "Jamani, tumezihesabu vibaya au zina miguu?" Bi Saumu anazihesabu upya, noti moja moja, anazinyoosha. Njiani kurudi:

"Mama, si tungeuliza tu?"

"Mwanangu, ukiuliza, mmoja atajibu. Akishajibu utakaa naye wapi?"

Tazama kwamba hakuna aliyetamka haiba yake. Tofauti yao ndiyo iliyozungumza. Ukiweka watu wawili wa aina moja kwenye tukio hili pia inafaa, ila itakubidi wagombanie jambo lingine, kama vile nani mwenye haki ya kunyamaza.

8. Andika tukio, kisha uzifiche herufi

Funga daftari la kipimo. Liweke chumba kingine kabisa. Andika tukio kutoka kichwani. Ukimaliza, funika majina ya wasemaji kwenye mazungumzo na umsomee mtu. Akiweza kusema nani anazungumza, endelea. Asipoweza, rudi hatua ya 4 na uangalie matukio, usiangalie herufi.

Herufi zisionekane kabisa kwenye hadithi, wala maneno ya maelezo yake. "Kwa kuwa alikuwa mtu wa kujitenga, Saumu hakusema kitu" ni sentensi ya fomu. Futa kila inayofanana nayo.

Makosa ninayoyaona sana

Kosa la kwanza ni kumgeuza mhusika awe mtumwa wa aina yake. Sekondari tulifundishwa wahusika bapa, wasiobadilika, na wahusika duara, wanaobadilika, na kipimo kikitumiwa vibaya ni njia ya haraka ya kutengeneza bapa ukidhani umetengeneza duara. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, aliwapa baadhi ya wahusika wake majina ya sifa zao, Majivuno, Utubora. Lakini yeye alikusudia, na msomaji wake anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba anafunzwa. Wewe unaandika mama muuza bajia wa Barabara ya 8. Akifanya kila kitu kama herufi zinavyosema, umempa jina la sifa bila kujua.

La pili ni kukichanganya kipimo na nyota. Pwani yetu ina falaki, na wazee wanaojua nyota ya mtu wanasema yatakayomfika. Kipimo cha haiba hakina habari ya kesho. Kinakwambia tu mtu amejibuje leo.

La tatu, kupanga ndoa na urafiki wa wahusika kwa orodha za "aina zinazoendana". Zipo nyingi, na zinavutia. Ziache. Waliokaa pamoja miaka arobaini kwenye mtaa wako hawakuulizana herufi.

Ukikwama

*Mhusika anatoka katikati, nusu kwa nusu.* Mara nyingi hukuchagua siku, au umechanganya majibu ya mbele ya wakubwa na ya rika. Yatenganishe, jumlisha mara mbili. Ikiwa bado ni nusu kwa nusu, hamia Tano Kuu, ambako kuwa katikati hakuna ubaya wowote.

*Kila mhusika anatoka kama mimi.* Jifanyie kipimo wewe kwanza, uweke majibu yako pembeni. Kisha chukua mhusika anayekusumbua na umlazimishe ajibu kinyume nawe maswali matatu tu, kila moja na tukio lake. Matatu yanatosha kumwondoa mikononi mwako.

*Hakuna mkasi hata mmoja.* Rudi kwenye zile sentensi saba za hatua ya 1. Chagua tiki uliyoipenda kuliko zote, uulize: ni mbele ya nani angeshindwa kuwa hivi? Mama mkwe? Mtoto aliyemzaa nje? Aliyemkopesha? Andika dakika kumi za siku hiyo.

*Nilimjibia tena kwenye sura ya kumi, matokeo yamebadilika.* Vizuri. Linganisha swali kwa swali. Kila jibu lililobadilika linadai tukio lililolibadilisha, na tukio hilo liwemo kwenye hadithi. Kama halimo, ndiyo sura unayokosa.

*Mhusika ni mtoto wa miaka saba.* Kipimo cha watu wazima hakimfai. Chukua maswali manne tu: akianguka anamkimbilia nani, akipewa andazi analificha au anagawa, anaogopa nini usiku, anamwiga nani.

*Mhusika ni mwovu.* Mjibie kama wengine, kwa huruma ile ile. Mzee Kombo alitoka ESTJ, na nilipolipia majibu yake niligundua kwamba ndiye aliyelipa sanda na hitima ya kaka yake, peke yake, na risiti anazo mpaka leo kwenye bahasha ya kaki. Bado anataka kuuza nyumba. Lakini sasa naweza kumwandika.

*Naweza kumjibia jirani yangu wa kweli nimtie kwenye hadithi?* Usifanye. Huwezi kujua anachojibu moyoni mwake, na Ngamiani mtu akijiona kwenye hadithi anatambuliwa siku hiyo hiyo mpaka Barabara ya 20. Chukua kwake kitu kimoja, namna anavyofunika mdomo akicheka, umpe mhusika mwenye umri mwingine, kazi nyingine na mtaa mwingine, halafu anza upya kwenye hatua ya 1.